Rupia ya fedha yenye uso uliodidimia upande wa nyuma: ni kosa la kiwandani au imebanwa na mtu?

Binti_Kibokoni

Assalam aleikum na hamjambo nyote.

Nyanya yangu mzaa mama alitutoka mwezi wa Rajabu, na wiki iliyopita ndiyo tumepata nguvu ya kufungua kasha lake. Ndani ya kijaluba chake cha tambuu, chini ya karafuu mbili zilizokauka na chokaa iliyogeuka jiwe, kulikuwa na rupia moja ya fedha. Rupia za zamani si kitu kigeni kwetu, mama anazo nne zilizokuwa za mkufu. Hii haifanani na hizo.

Upande wa mbele ni kama rupia yoyote ya mfalme Edward VII: kichwa bila taji, ndevu, anatazama kulia, na maandishi EDWARD VII KING & EMPEROR yamemzunguka. Nikaigeuza nikitarajia lile taji, ONE RUPEE na mwaka. Hakuna hata kimoja. Nyuma kuna uso uleule wa mfalme, lakini umedidimia ndani kama wayo kwenye mchanga uliolowa. Anatazama kushoto, na herufi zote zimeandikwa kinyume. Ukiweka kidole gumba kinaingia shavuni mwake. Mwaka haupo popote, nimetafuta mpaka macho yamechoka.

Niliipeleka kwa sonara mmoja hapa mjini. Akaiweka kwenye mizani, akasema "tola moja kasoro kidogo", na kabla sijamuuliza swali la pili ameshashika jiwe lake la kupimia na kichupa cha asidi. Nikamzuia mkono. Akasema basi, yeye atanipa bei ya fedha tu, kwa kuwa sarafu imeharibika na haina upande wa pili. Nilitoka pale nimekasirika sana. Kitu nyanya alichokiweka miaka yote ndani ya kijaluba anachokishika kila siku, mtu anataka kukikwangua juu ya jiwe bila hata ruhusa.

Kaka yangu naye anasema ni ya kughushi, kwamba hakuna kiwanda cha serikali kinachoweza kutoa sarafu ya namna hii. Halafu kuna hili linalonitatiza zaidi: upande wa mbele umelika, nywele za mfalme juu ya sikio zimekuwa laini, lakini ule uso wa ndani unaonekana mkali kama wa jana. Itakuwaje sarafu moja iwe na umri wa aina mbili?

Naomba mwenye kujua anieleze nitaijuaje kuwa ni ya kweli, na kama ni ya kweli inapewa daraja gani. Na je, niisafishe? Imekuwa nyeusi, na kuna chokaa nyeupe imeganda ndani ya baadhi ya herufi. Kuna pia kidonda kidogo ukingoni, juu ya kichwa.

Fundi_Changamwe

Pole kwa msiba dada, Mungu amrehemu.

Mimi ni fundi wa mitambo, sarafu si kazi yangu, lakini chuma kwa chuma nakielewa, kwa hiyo nikwambie mapema kabla hujaweka matumaini makubwa. Tulipokuwa wanagenzi tulikuwa tukibana shilingi mbili pamoja kwenye jiliwa (kile kibanio cha chuma cha mezani), moja juu ya nyingine, tunakaza mpaka mpini hauendi. Ukizitoa, moja ina alama ya mwenzake iliyodidimia, tena kinyume, sawasawa na ulivyoeleza. Inachukua dakika tano.

Ila jiliwa linaacha ushahidi. Sarafu zote mbili zilikuwa zimeshagongwa, kwa hiyo upande ule uliobonyezwa bado utakuwa na mabaki ya ile picha ya mwanzo: kipande cha taji, mguu wa herufi R, chochote. Kinabanwa bapa lakini hakifutiki. Tena kinachoingia ni zile sehemu zilizotokeza zaidi, yaani shavu na nywele. Herufi ndogo za pembeni huingia kidogo sana au haziingii kabisa. Na upande wa pili, ule uliogusa taya la jiliwa, unakuwa bapa na unang'aa pale juu, isipokuwa mtu aliweka ngozi katikati.

Tazama upande ule wa ndani kwa mwanga wa pembeni, si wa juu. Ukiona mzuka wa ONE RUPEE, ni jiliwa.

Mzee_wa_Saa

Binti, pole sana. Mungu amlaze nyanya mahali pema.

Nimetengeneza saa hapa Makadara miaka thelathini na minane, na sarafu nimezikusanya karibu muda huohuo. Niruhusu niseme kwa urefu, maana hicho ulichokishika, kikiwa cha kweli, wengi wetu tunaokusanya hatujapata kukigusa.

Rupia hizi ziligongwa Calcutta na Bombay. Kisahani kitupu cha fedha kinaingia kati ya mihuri miwili ya chuma, mmoja una kichwa cha mfalme na mwingine una taji, maandishi na mwaka. Pete ya chuma inakizunguka ili kisitanuke, na pete hiyo ndiyo inayochora yale meno ya ukingoni. Mashine inagonga, sarafu inatoka, kisahani kingine kinaingia. Sasa itokee sarafu moja isitoke. Imenata kwenye muhuri wa taji, na uso wa mfalme umeelekea nje. Mashine haina habari, inaleta kisahani kingine. Hicho kinapata kichwa cha kawaida upande mmoja, na upande wa pili, badala ya kukutana na muhuri, kinakutana na sarafu mwenzake. Uso uliotokeza unachimba uso uliodidimia. Wakusanyaji wanaiita brokeji. Ndiyo maana hupati mwaka: mwaka uko kwenye muhuri wa taji, na muhuri wa taji ulikuwa umefunikwa. Rupia za Edward zilianza 1903 zikaisha 1910. Zaidi ya hapo sarafu yako haitakwambia, hata ukiitazama usiku kucha.

Kwa hiyo kaka yako asikosee. Viwanda vya serikali vilikosea, na sarafu za namna hii zilitakiwa zichambuliwe zirudishwe kwenye tanuri. Chache zilipita.

Aliyosema fundi wa Changamwe kuhusu jiliwa ni kweli tupu, uyafuate yote. Mimi naongeza jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine. Jiulize: ule uso uliochimba uso wa ndani ulikuwa na umri gani siku ile? Kama ni kosa la kiwandani, sarafu iliyonata ilikuwa na sekunde chache tangu izaliwe. Nywele zake zote zipo, kila unywele wa ndevu upo, sikio lina mkunjo wake. Alama iliyoachwa lazima iwe na vitu hivyo. Lakini mtu aliyekaa na jiliwa nyumbani alitumia rupia aliyoitoa mfukoni, iliyopita mikononi mwa watu miaka mingi, na rupia kama hiyo ina kichwa kilicholika juu ya sikio. Alama yake nayo italika vilevile. Uso uliodidimia unahifadhi umri wa uso ulioufanya.

Hapo ndipo jibu la fumbo lako la umri wa aina mbili. Upande wa mbele umetokeza, kwa hiyo umesuguliwa na kila kiganja na kila meza. Upande wa nyuma uko shimoni, vidole vinapita juu yake. Sarafu ya kweli ya aina hii inapaswa kuwa na umri wa aina mbili. Ingekuwa pande zote zimelika sawa, hapo ndipo mimi ningeanza kuogopa.

Sasa namna ya kuutazama. Jicho hudanganywa na kitu kilichobonyea, akili inakigeuza kikawa kimetokeza halafu kinarudi tena. Chukua unga wa ngano na maji matupu, bila chumvi na bila mafuta (chumvi na fedha havipatani), ukande ukazike, tengeneza kidonge, ubonyeze taratibu kwenye uso wa ndani, ukivute moja kwa moja juu. Kwenye kidonge utamwona mfalme ametokeza. Suuza sarafu kwa maji yaliyokenekwa, yale wanayouza vituo vya petroli kwa ajili ya betri, ila usome chupa uhakikishe ni maji na si asidi. Iweke juu ya kitambaa laini ikauke yenyewe. Usiifute.

Angalia pia ukingo wa upande huo. Rupia ya kawaida ina mdomo uliotokeza kuizunguka pande zote mbili. Brokeji haina mdomo huo nyuma, kwa sababu mdomo wa sarafu iliyonata nao ulichimba, kwa hiyo badala ya mdomo unakuta mfereji. Halafu ibane sarafu kati ya gumba na kidole cha shahada, ncha ya pua mbele na shimo la pua nyuma. Kama sarafu iliyonata haikuzunguka, pua itakuwa nyuma ya pua kabisa, kana kwamba uso umesukumwa kutoka upande wa pili. Ikiwa imezunguka kidogo usikate tamaa, hilo hutokea. Lakini ikiwa imekaa sawa, mwenye jiliwa kuipanga hivyo kwa bahati ni kazi ngumu.

Uzito: sonara wako amesema vizuri, na hilo namshukuru. Rupia moja ilikuwa tola moja, gramu 11.66, fedha ya 917 katika elfu. Sarafu iliyolika inapungua kidogo. Tafuta mizani inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, uipime hewani kwanza. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, ininginize sarafu kwa uzi izame bila kugusa chini wala kando. Namba itakayosoma ndiyo uzito wa maji iliyoyasukuma. Gawanya uzito wa hewani kwa namba hiyo. Fedha ya rupia inatoa 10.3 hivi. Shaba nyeupe haifiki 9. Risasi inapita 11.

Na hili la kuisafisha, nakusihi. Usiguse limau, jivu, magadi wala dawa ya meno. Ule weusi ni ngozi ya fedha iliyoota yenyewe kwa miaka, hewa yetu ya pwani inaleta haraka. Ukiutoa, chini yake utaacha mikwaruzo myembamba ambayo mtu mwenye lenzi ataiona kabla hajaona uso wa mfalme. Chokaa iache ilipo. Haili fedha, na sindano ya kuichokoa ndiyo itakayoacha jeraha.

Hicho kidonda cha ukingoni ulichokitaja mwishoni, nieleze zaidi. Kina rangi gani?

Binti_Kibokoni

Mzee wangu, shukran sana, na fundi pia. Nimefanya yote mliyoniambia isipokuwa lenzi, sina.

Jana jioni nilikuwa nakanda chapati za nyumba nzima, nikatenga kidonge kabla ya kutia chumvi. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka akipepeta mchele. Nikabonyeza kama ulivyosema, nikavuta. Mzee, nywele zipo. Juu ya sikio, pale ambapo upande wa mbele pamekuwa laini kama kokoto la ufukweni, kwenye unga kulikuwa na nywele zimelala moja moja, zimeelekea nyuma. Ndevu zimegawanyika. Sikio lina mkunjo na kishimo chake. Herufi zote zimetoka na zinasomeka sawa, mpaka ile alama ya & katikati ya KING na EMPEROR. Mama aliinuka akaja kutazama, akasema "huyu sasa ni kijana, yule wa mbele mzee."

Fundi, nimetazama kwa tochi ya simu kutoka pembeni, chumba nimekitia giza. Sioni taji wala herufi ya chini yake. Pale kati ya shavu na herufi pako wazi kabisa. Na mbele hakuna mahali palipobanwa bapa, kulika kwake ni kwa duara, kunaanzia juu na kufifia taratibu.

Ukingo wa nyuma ni mfereji mwembamba, mdomo hakuna. Sikuwahi kuuona mpaka uliponiambia. Pua iko nyuma ya pua, labda imesogea kwa unene wa uzi.

Uzito nimepimia dukani kwa binamu yangu anayeuza udi na mafuta mazuri, mizani yake inasoma mpaka sehemu ya mia. Hewani 11.49. Majini, nikiinginiza kwa uzi wa kushonea, 1.11. Nimegawanya mara tatu, inatoka 10.35. Upana kwa kalipa ya mume wake binamu ni milimita 30.9, na rupia ya mama niliyoipima pamoja ilikuwa 30.6. Hiyo tofauti ni mbaya?

Kitu kingine: meno ya ukingoni hayako sawa. Nikiihesabu kama uso wa saa, kuanzia namba mbili mpaka namba tano yamefifia, karibu hayapo. Kwingine ni makali.

Kidonda kina rangi ya kijivu iliyokoza kuliko fedha yenyewe, na kimevimba kama tone. Nilipomuuliza mama ndipo akaniambia. Zile rupia nne zake na hii zilikuwa mkufu mmoja, wa mama yake nyanya. Rupia zilipoacha kutumika, florini ikaja 1920 na shilingi 1921, bibi huyo hakwenda kuzibadilisha zote, akampelekea sonara azitie vikuku, vile vipete vidogo vya kuning'inizia. Hii nyanya aliikata kwenye mkufu yeye mwenyewe akiwa msichana. Mama hajui kwa nini. Anachokumbuka ni kwamba macho ya nyanya yalipopotea miaka ya mwisho, alikuwa akifungua kijaluba anaitafuta kwa gumba, akiipata anaitia ndani ya kiganja na kuendelea na mazungumzo.

Fundi_Changamwe

Dada, naondoa shaka yangu ya jiliwa. Kutokuwepo kwa mzuka wa ONE RUPEE peke yake kungetosha kunitikisa, lakini ule mfereji wa ukingoni na pua nyuma ya pua ndivyo vimenimaliza. Na hilo la meno yaliyofifia upande mmoja halinishangazi hata kidogo. Kama sarafu moja imeshakaa ndani ya pete, ya pili haina nafasi ya kuingia yote, inakaa imeinama. Upande uliobaki nje unatanuka kidogo na haupati meno. Hapo ndipo zilipotoka hizo milimita 30.9.

Kuna ujanja mmoja umebaki: kuna watu wanachonga sarafu mbili, kila moja upande mmoja, wanaziunganisha kuwa moja. Kiungo huwa ndani kidogo ya ukingo, duara nyembamba kama unywele. Na mlio wake unakufa. Iweke juu ya ncha ya kidole, iguse taratibu kwa kalamu ya mbao. Ya kipande kimoja inalia na mlio unakaa. Sidhani itakuwa hivyo kwako, kipimo cha maji kingetoa namba ya ajabu, ila angalia.

Ndia_Kuu_77

Poleni kwa msiba. Niongeze mawili, la daraja na la kuituma nje, kwa sababu niliwahi kulishughulikia la pili.

Daraja kwanza. Kipimo kinachotumika karibu kote ni cha namba 1 mpaka 70, kilichoanzishwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, kisha kikaenea kwa sarafu zote. Kampuni mbili za kupima sarafu zinazojulikana zaidi, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, zote za Marekani, zinatumia hicho. Wanaipima, wanaifungia ndani ya kasha gumu la plastiki, na kwenye lebo wanaandika daraja na aina ya kosa. Kosa halipandishi wala halishushi daraja. Daraja linasoma kulika tu, na kwa rupia ya Edward mtu anaanzia pale juu ya sikio. Kwa ulivyoeleza, nywele zimelainika lakini sikio bado lina umbo, ningeiweka kwenye VF (Very Fine, yaani imelika kiasi), inayoanzia 20 mpaka 35, na katika hiyo ningekaa chini.

Lakini kile kidonda cha ukingoni, yaani hiyo lehemu ya mkufu, kitakugharimu, na ni bora ulijue sasa. Sarafu iliyowahi kutiwa kikuku haipewi namba. Wataandika kwamba ni ya kweli, watataja kosa, watataja VF, na kando yake wataandika kwamba ina dosari ya lehemu. Wengine hufikiri kumpa sonara aikwangue lehemu itoke. Usithubutu. Jeraha moja litakuwa mawili.

La kuituma nje: sheria yetu ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa mali ya kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na mali ya kale haitoki bila kibali. Rupia za Edward zilianza 1903, kwa hiyo yako iko upande wa pili wa mstari huo. Ingekuwa ni ile rupia ya 1888 iliyoandikwa MOMBASA, ya kampuni ya Waingereza, hadithi ingekuwa nyingine. Hata hivyo, kabla ya kuiweka kwenye bahasha, pita Fort Jesus uwaulize watu wa makumbusho na uchukue jibu kwa maandishi. Mtu wa forodha hatajua tofauti ya Edward na Victoria, na sarafu ikishikwa hapo katikati wewe ndiye utakayehangaika.

Kwa sasa ihifadhi kwenye bahasha ndogo ya karatasi kavu, ndani ya kopo linalofunga. Si ile mifuko laini ya plastiki ya kuwekea picha, ile inatoa utelezi wa kijani unaokula fedha.

Mzee_wa_Saa

Nimeiona.

Binti alikuja dukani Jumamosi baada ya adhuhuri, pamoja na mama yake. Alikuwa ameifunga kwenye kipande cha kanga. Nikafuta meza, nikatandika kitambaa, nikaweka lenzi ya mara kumi jichoni, ileile ninayotazamia magurudumu ya saa za mkono.

Ukingo nimeuzungusha wote. Kiungo hakuna. Meno yamefifia pale aliposema, na yanafifia kwa mteremko, makali, kisha mafupi, kisha hayapo, kisha yanarudi. Tupa haiwezi kufanya mteremko huo, tupa ingeacha mikwaruzo. Mlio wake ni mrefu.

Nyuma, ndani ya herufi zilizodidimia, mng'ao wa kiwandani bado upo. Weusi umeingia kila mahali isipokuwa chini kabisa ya zile herufi, na humo fedha inang'aa kwa mistari myembamba iliyokimbilia ukingoni, kama maji yanavyoacha mistari kwenye mchanga yakirudi baharini. Fedha hutiririka hivyo ikigongwa kwa mara moja kwa nguvu. Fedha iliyobanwa polepole kwenye jiliwa sitarajii iache mistari ya namna hiyo. Uso wa ndani haujatanuka wala haujapinda, kwa hiyo sarafu iliyonata ilikuwa haijagongwa mara nyingi. Mimi naamini hii ilikuwa kisahani cha kwanza kilichokutana nayo, kwa sababu baada ya mapigo mawili matatu uso wa ile iliyonata huanza kusambaa, na alama zake zinakuwa pana na za kuvimba.

Rai yangu: ni brokeji ya kweli ya upande wa kichwa, rupia ya Edward VII, kati ya 1903 na 1910. Kulika kwa mbele nakubaliana na ndugu wa Ndia Kuu, VF ya chini, pamoja na lehemu ukingoni. Hii ni rai ya mtu mmoja mwenye lenzi. Akitaka cheti ataituma, na nimemwambia njia.

Nimempa bahasha mbili za karatasi. Juu ya moja nimemwandikia uzito, upana na tarehe ya siku niliyoiona.

Binti_Kibokoni

Mzee, Mungu akuzidishie. Nilipotoka dukani nilisahau kukwambia: mlio ule ulipolia mezani, mama alisema nyanya alikuwa akiigonga hivyo kwenye kifuniko cha kijaluba akituita tuje kula.

Kaka ameitazama leo kwa muda mrefu. Hakusema neno, ila ameninunulia kopo lenye kifuniko cha kukaza.

Hatutaiuza. Cheti tutafikiria baada ya kupita Fort Jesus, nitawaletea majibu yao hapa. Mama ana ombi moja tu, kwamba ikienda popote, asiwepo mtu wa kuitoa ile chokaa kwenye herufi ya mwisho ya EMPEROR. Anasema ile ni ya tambuu la nyanya.

Na zile rupia nne nyingine nimezigeuza zote. Zina taji, zina mwaka. Moja ni ya 1904, tatu za 1907.